Kizibo Hazai Tena

Mtaa mzima wa Bel-Air ulimjua Germaine kwa samaki. Alizaliwa Pweto, akaolewa Lubumbashi na Dominique, fundi wa treni na mtoto wa fundi wa treni, na tangu mabinti wake wawili walipokuwa wadogo alikuwa akiuza sokoni samaki wakavu aliotumiwa na dada yake Chileshe kutoka ziwani. Alikuwa mama wa sauti ya chini, mwepesi wa kupunguza bei, mzito wa kugombana. Ukoo wa mumewe ulimsifu kwa jambo moja: haongei sana. Walipokuja bila taarifa aliwapikia. Walipomtuma alikwenda. Ndiyo maana habari ya mbwa ilipotokea, wengi walidhani amerogwa.

Mbwa mwenyewe aliletwa na shemeji yake, Rigobert, mdogo wake Dominique, mtu wa malori yanayovuka mpaka pale Kasumbalesa. Rigobert alipenda vitu ambavyo jirani hana. Safari moja alirudi kutoka Afrika Kusini na jike la buldogi wa Kifaransa: masikio yamesimama kama ya popo, pua imebonyea ndani ya uso, kifua kipana, miguu mifupi. Akamzungusha mjini, kila baa picha. Kisha mbwa akaanza kutapika kwenye zulia, kujamba mpaka wageni wakahama viti, kukoroma kumshinda mwenye nyumba, na kujikuna mpaka damu. Mke wa Rigobert akamwambia achague, mbwa au yeye. Jumapili moja Rigobert akafika kwa kaka yake na katoni mikononi.

"Yaya, unichungie hii imbwa posho mbili tu," alimwambia Germaine; ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume, kwao huitwa yaya.

Posho mbili, yaani majuma mawili, zikapita. Ikapita miezi. Rigobert hakurudi hata kuuliza.

Germaine hakuwa mtu wa mbwa. Kwao mbwa alilala nje na kula kilichobaki. Basi huyu naye akapewa bukari, ugali wa jana, na mchuzi uliobaki na kitunguu chake. Kila akila, tumbo linavimba kama ngoma, na ngozi ya tumbo inatoka vipele vyekundu. Siku moja ya Oktoba, jua limewaka, Germaine alimfunga kamba shingoni akaenda naye sokoni. Nusu ya njia mbwa alilala chini mavumbini, ulimi umegeuka rangi ya biringanya, kifua kinapanda na kushuka bila hewa kuingia. Watu wakasimama kucheka. Germaine akammwagia maji yote ya chupa yake, akambeba kifuani kama mtoto, mzigo ule mzito, mpaka kwenye kliniki ndogo ya wanyama ya Docteur Syntiche.

Syntiche alikuwa mwanamke kijana asiyependa kuzungukazunguka na maneno. Alipomaliza kumpoza mbwa, alimwonyesha Germaine zile tundu za pua, mistari miwili myembamba kama imekatwa kwa wembe.

"Hii haiko ugonjwa wa kupata, mama. Bantu njo walimutengeneza hivi, haiko Mungu. Walitaka uso wa mutoto, pua ikakosa nafasi. Jua likimushika, anakufa. Akinenepa, anakufa. Kamba ku shingo, unamukaba weye mwenyewe. Na kitunguu iko sumu kwa imbwa zote."

"Sasa anaishi namna gani?"

"Kama kuko muntu wa kumuangalia."

Germaine alirudi nyumbani na maneno hayo. Alikuwa amelea watoto wawili na kuuguza mama mkwe kitandani mpaka mwisho; kuangalia hakukumtisha. Kamba ya shingo akaitupa. Akachukua mikanda ya begi kuukuu la shule, akashona mkanda wa kifuani unaopita chini ya makwapa, usiogusa koo. Matembezi akayaweka alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mabati, na mafupi: mpaka kwenye kona na kurudi. Mchana wa joto mbwa alilala kwenye sementi iliyomwagiwa maji, taulo bichi mgongoni. Juni, kiangazi cha kule kinapokuja na baridi, alimvalisha fulana ya zamani ya Dominique iliyokatwa mikono, na mtaa mzima ukapata cha kuongea.

Chakula ndicho kilichomsumbua kuliko vyote. Kuku alimletea vipele. Ng'ombe vilevile. Kwa muda mrefu alijaribu hiki akaacha kile, akimchunguza tumbo kila asubuhi kama mtu anayekagua mchele, mpaka akafikiria kitu alichokuwa akikiuza miaka yote. Lakini samaki wa sokoni alikuwa amelala kwenye chumvi, na chumvi Syntiche aliikataza. Germaine akampigia simu dada yake.

"Unianikie bengine bila chumvi, pembeni."

"Bila chumvi? Nani atanunua?" Chileshe akauliza.

"Habauzwi. Iko ya imbwa."

Chileshe alicheka mpaka simu ikakatika. Lakini samaki walikuja. Germaine aliwaloweka, akawachemsha, akatoa miiba mmoja mmoja kwa vidole, akawachanganya na viazi vitamu na boga, kidogo asubuhi na kidogo jioni, kwenye sahani pana ili uso ule bapa ufikie. Na kwa kuwa mbwa alikuwa akibugia chakula pamoja na hewa, alimfundisha kungoja. Sahani chini, mkono mbele: "Ngoja." Akinyanyuka, sahani inanyanyuka pia. Mbwa alikuwa mkaidi. Alikaa, akasimama, akatoa sauti kama ya mlango mbovu, akamgeuzia mwalimu wake mgongo. Germaine hakumpiga hata mara moja. Alikuwa na subira ya mtu anayekaa sokoni kutwa nzima. Mwishowe mbwa alikaa, mate yakidondoka, macho kwenye uso wa mama, mpaka aliposikia "Kula." Mikunjo ya uso ilifutwa kila siku kwa kitambaa chenye maji na kukaushwa, maana unyevu ukibaki humo unaoza. Na kila mwisho wa mwezi alibebwa alfajiri mpaka sokoni, akapandishwa kwenye mizani ya samaki, wateja wakipiga kelele wanauliza kilo ni kiasi gani.

Jina lilitoka hapo hapo sokoni. Alikuwa mfupi, mnene, na akilala mlangoni hakuna anayepita. Wakamwita Kizibo.

Vipele vikaisha. Manyoya yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Hapo ndipo Rigobert alipokumbuka kwamba ana mbwa. Alikuja siku moja, akamzunguka Kizibo kama mtu anayekagua gari lililotoka gereji, akamchukua "kidogo tu", akamrudisha ana mimba ya dume la rafiki yake. Germaine alinung'unika jikoni, peke yake, kisha akaendelea kupika samaki.

Uchungu ulimshika Kizibo asubuhi, na adhuhuri hakuna kilichotoka. Vichwa vya watoto ni vikubwa, nyonga za mama ni nyembamba. Mbwa wa aina hiyo wengi hawawezi kuzaa wenyewe. Syntiche alimpasua. Watoto walikuwa watatu, wawili wamekwisha kufa. Ikabaki kazi ya kumwamsha mama yao, na Kizibo hakutaka kuamka. Ulimi ulirudi ile rangi ya biringanya. Germaine alipiga magoti kando ya meza, akamvuta ulimi mbele kwa kitambaa kama alivyoelekezwa, akamsugua masikio, akamwita. Ilichukua muda mrefu. Jicho moja lilipofunguka, Syntiche alikaa chini sakafuni.

"Mama, mara ya pili hataamuka," alisema.

Mkono wa Germaine ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye tumbo lake, juu ya kovu.

Abigaël na Michelle, mabinti zake, wote walitolewa kwa kisu. Baada ya Michelle daktari alimwambia aache hapo. Lakini ukoo ulitaka mvulana. Walikuja siku ya Jumamosi, Claudine mbele, dada mkubwa wa Dominique, wakakaa sebuleni kwake wakanywa soda zake, na Claudine akamwambia kwamba tumbo la mwanamke aliyeolewa haliko la kwake peke yake. Dominique alitazama sakafu. Germaine alisema ndiyo. Mvulana alipatikana kweli, lakini tumbo lilipasuka kabla ya siku zake; mtoto akazikwa hajapewa jina, na padri aliitwa hospitali kumpaka Germaine mafuta ya wagonjwa. Alipona. Tangu hapo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuitaja siku ile, hata kwa pole.

Mtoto mmoja wa Kizibo aliyebaki, Rigobert alimzawadia mkubwa mmoja wa forodha, na wakubwa wengine wakataka wao. Akawaahidi. Kidonda cha Kizibo kilikuwa hakijaota manyoya vizuri aliporudi na dume ndani ya gari. Germaine alisimama getini. Hakufungua. Rigobert akapiga honi, akacheka, akakasirika, akaondoka. Jumamosi ukoo ukaja.

Walikaa viti vilevile. Claudine sasa alitembea na fimbo, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Mama Abigaël, tunasikia unamufungia shemeji yako geti. Juu ya imbwa?"

"Njo vile, yaya."

"Imbwa iko ya nani?"

"Alimuleta mu katoni, anatapika. Hakuniuliza hata siku moja kama alikula."

Rigobert akaruka. "Nilimununua miye! Nikitaka azae, anazaa. Iko nyama ya kufuga, yaya, haiko muntu!"

Sebule ikangoja Germaine ainamishe kichwa kama kawaida yake. Abigaël, aliyekuwa anapitisha glasi, aliweka sinia mezani.

"Iko nyama," Germaine alisema. "Na miye mulinifanya nini? Mulikaa hapa. Weye, yaya Claudine, ulikaa pale pale. Docteur alisema nitakufa, mukasema nizae. Nikazaa, mutoto akakufa, na hakuna hata mumoja wenu alikuja kuniambia pole. Siku ile nilinyamaza. Leo sinyamaze. Kizibo hazai tena. Mukitaka kutoboka na hasira, mutoboke."

Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo yakitoka kinywani humo. Dominique alitazama sakafu, vilevile. Rigobert akasema kwamba Jumanne anakuja na watu kumchukua mbwa wake, geti au hakuna geti.

Jumatatu, alfajiri, Dominique alimkuta mkewe anamfunga Kizibo mkanda wa kifuani.

"Ungengoja kwanza, tuongee," alisema.

"Nilingoja mara moja," Germaine akamjibu, akatoka.

Kliniki, Syntiche alimweleza bila kumficha. Kumtoa kizazi ni dawa za usingizi tena, na kwa pua ile usingizi wenyewe ni hatari. Lakini akiwa amelala angeweza pia kumpanua tundu za pua, na hiyo ingemsaidia maisha yote. Kisha akauliza jina la mwenye mbwa.

"Germaine," alisema Germaine. "Andika Germaine."

Alikaa nje kwenye benchi bila kula. Saa za mchana zilipita. Safari hii Kizibo aliamka upesi, amevimba pua, na cha kwanza alichofanya ni kupumua, pumzi ndefu, bila sauti. Germaine, alipoitwa ndani, alidhani amekufa kwa jinsi alivyokuwa kimya, akapiga kelele. Syntiche akacheka, akamwambia asikilize vizuri.

Rigobert alikuja Jumanne kama alivyoahidi, akaonyeshwa nyuzi. Alitukana mpaka majirani wakatoka. Kabla ya mwisho wa juma ukoo ulituma hukumu: Germaine alipe mbuzi mmoja na bia, kisha apige magoti mbele ya shemeji yake. Mpaka alipe, mlango wa Claudine umefungwa kwake.

Hakulipa. Paroko aliombwa aseme naye; alimsikiliza paroko kwa heshima, akampa samaki, hakulipa. Wanawake wa sokoni walimshauri anunue kambuzi kadogo, mambo yaishe. Akasema hata kuku hanunui. Dominique alitembea ndani ya nyumba kama mgeni, lakini Germaine aliona kwamba asubuhi ambazo yeye mwenyewe aliamka amechoka, mkanda wa kifuani ulikuwa umekwisha kutolewa msumarini na mbwa amekwisha kutembezwa.

Halafu mjukuu wa Claudine akapata komunyo ya kwanza, na mtoto mwenyewe akaja kumwalika Germaine. Akavaa kitenge chake kizuri, akaenda na Dominique, na Kizibo kwenye mkanda. Hema uani kwa Claudine lilikuwa limejaa. Rigobert alisimama njiani.

"Mbuzi iko wapi?"

"Sikukuya kulipa," Germaine alisema. "Nilikuya juu ya mutoto."

"Yaya Dominique, sema na bibi yako."

Dominique alimgeukia, na watu wa meza za karibu wakaacha kula. "Ule mutoto wetu," akasema, "leo angekuwa kijana wa kuoa." Akavuta kiti, akakiweka pale pale katikati ya njia, mbele ya miguu ya mdogo wake, akamwambia mkewe akae.

Germaine akakaa. Claudine, toka upande wa pili wa hema, alimwita mmoja wa wasichana na kumwonyesha Germaine kwa fimbo. Msichana alileta sahani ya wali na nyama. Hakuna aliyesema neno la pole, na lile la mbuzi halikufutwa; hata leo ukiwauliza watakuambia anadaiwa.

Rigobert aliondoka mapema. Kizibo alikuwa amejilaza chini ya kiti, kwenye kivuli, akipumua polepole. Mtoto wa komunyo alimrushia kipande cha kuku. Germaine akakidaka kabla hakijafika chini.

"Kuku inamupa vipele," alimwambia. "Kama unataka kumupa kitu, mupe maji."