Mguu wa Kukanyagia

Pale karakana ya sare za shule walimwita Kilomita, maana kila jioni, wenzake wakikimbilia nyumbani kunyoosha miguu, yeye alivaa raba akaenda kuichosha zaidi. "Ukifika mwisho wa dunia utusalimie," walimtania. Alicheka nao. Hawakujua haraka yake ilitoka wapi.

Haraka ilikuwa mama yake. Tabibu wa macho alikuwa amesema bila kuficha: macho yale hayatauona mwaka mwingine. Naye mama, aliyezoea kumwona binti yake ameinamia nguo za watu tangu usichana, alikuwa na ombi moja tu: "Nataka nikuone unaingia uwanjani unakimbia." Mbio za kilomita arobaini na mbili zilikuwa mwezi wa kumi. Kilomita akapiga moyo konde, akaanza mazoezi.

Mwezi wa sita malaria ikamlaza wiki mbili, ikamwacha ngozi na mifupa. Mwenye busara angeanza tena pole pole. Huyu wetu akataka kufidia siku zote zilizopotea kwa wiki moja, na kabla wiki haijaisha unyayo wa kulia ukawa unamchoma kama amekanyaga kaa la moto. Picha ikaonyesha ufa kwenye mfupa.

"Wiki sita," daktari akasema. "Hakuna kukimbia, hakuna kutembea ovyo. Kaa."

Basi akakaa. Jamani, alikaa! Hata sokoni alimtuma jirani. Na kwa kuwa jioni zake zilikuwa tupu, akaongeza kazi: marinda ya sketi, kola, mifuko, kutwa nzima hakubanduka kwenye cherehani. Mguu ulimuuma kila siku, naye akajiambia ndivyo mfupa unavyounga.

Siku aliyorudi hospitali, daktari aliishika picha mpya, akaielekeza kwenye mwanga.

"Dada, si nilikwambia upumzike?"

"Nimepumzika, daktari. Nimekaa mpaka nimechoka kukaa."

"Unakaa ukifanya nini?"

"Nashona."

Na alipokuwa akisema hivyo, mguu wake wa kulia ukaanza wenyewe kukanyaga sakafu: vidole, kisigino, vidole, kisigino. Daktari akautazama. Na yeye akautazama. Miaka kumi na tisa alikuwa ameendesha cherehani kwa mguu ule, na haikumjia akilini hata mara moja kwamba kukanyaga ni kazi. Kwa fundi, kushona ni kukaa. Nani angemlaumu? Alijilaumu mwenyewe, akalia palepale mbele ya wagonjwa wenzake bila kujali nani anamtazama. Ufa ulikuwa umepanuka. Mbio za mwezi wa kumi zilikuwa zimekwenda na maji.

Asubuhi ya mbio hakutaka hata kutoka kitandani. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza kwa sauti ya juu, umati ukishangilia. Mama akamwita uani. Alikuwa ameshajiweka kwenye kiti chake, kavaa nguo ya kutokea.

"Vaa ile fulana yako ya mbio. Nenda getini, halafu uje kwangu. Uwanja ndio huu."

"Mama, mguu wenyewe..."

"Sijasema ukimbie. Njoo tu, nikuone."

Akavaa. Akaenda mpaka getini, akayaegemeza magongo aliyopewa hospitali, akaanza kuja ameshika ukuta, hatua moja moja, machozi yanamtoka na meno ameyauma. Redio ilizidi kupiga kelele. Alipita mapipa ya maji, akapita kamba ya nguo, akafika. Akasimama mbele ya mama yake, karibu kiasi cha kumgusa, akasubiri.

Mama alikuwa anatabasamu, macho kayakaza getini.

"Anza basi, mwanangu," akasema. "Nakuangalia."