Lami Iliyolala Chini ya Kitanda

Nikisikia harufu ya lami inayochemka, hata leo, moyo hunipasuka pa! kama mwizi aliyeitwa jina. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ya baba yangu.

Baba alikuwa akiziba nyufa za barabara ya Kasese kwenda Bwera. Jioni hurudi mweusi mpaka kucha, akijigamba, "Usipoziba ufa utajenga ukuta!" Mama, akionyesha ufa wa baraza letu, humjibu, "Ya serikali unaziba, ya kwangu je?"

Maneno hayo yaliniingia. Siku niliyompelekea chakula kazini, nikamega tonge la lami kando ya pipa, nikalificha kwenye kanga. Nusu nililainisha juani nikaziba ufa wa Mama. Nusu nikaitia katika kopo la mafuta ya kujipaka, nikakaza kifuniko, nikalisukuma chini ya kitanda. Mama akamshukuru Baba, naye, jamani, akazipokea shukrani bila kuuliza.

Mwaka haukuisha, nyufa za barabarani zikafunguka. Lami ilikuwa ngumu, inavunjika vipande. Msimamizi wa Baba akaja hadi kwetu akifoka.

"Wewe mutu, lami ya muzuri uliuza wapi? Hii ulichanganya na dizeli!"

"Bosi, haki ya Mungu, sikugusa kitu," Baba akaapa.

Nami pale barazani naona ufa wa Mama nao umefunguka. Nikakimbilia kopo langu: laini, kidole kinazama! Pipa moja, siku moja, mbona hii imekufa na hii ni nzima? Kichwa kilinizunguka. Nikaamua kosa ni langu, wizi wangu umeilaani barabara nzima. Nilikuwa na miaka minane. Nikalirudisha kopo chini ya kitanda, nisimwambie mtu.

Baba alifukuzwa. Akaenda Katwe kukata chumvi ziwani, akawa anarudi na miguu yenye vidonda visivyopona.

Ukubwani ndipo fundi mmoja wa barabara aliponieleza kwamba lami huzeeshwa na jua na hewa. Hukauka, haivutiki tena, ikakatika. Iliyofungiwa haizeeki upesi. Nililia, wenzangu, sikuficha.

Nikampelekea Baba kopo lile, nililolitunza miaka yote, nikamsimulia yote. Akalifungua, akabonyeza kwa kidole gumba, akabonyeza tena.

"Kumbe shahidi yangu ililala chini ya kitanda yako," akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Sijui kama yule bosi angemsikiliza mtoto. Ninachojua ni kwamba kopo nilikuwa nalo mkononi, na Baba alikuwa mlangoni akiapa peke yake.