Barua Tatu za Fundi Saa

Fundi saa alikuwa mtu mwema, ila Mola alimjaalia shaka kama alivyowajaalia wengine kitambi. Hakupokea saa ya mteja kabla ya kuifungua mgongo mbele ya mwenyewe, asije kesho akaambiwa ameiba kijigurudumu. Kwa desturi hiyo alidumu miaka thelathini pasi na mashtaka.

Lango la chuma lilipomponda mkono wa kulia, ofisi ya ustawi ilianza kumlipa malipo ya ulemavu. Mwaka ulipopita alijifunza kushika kibano kwa mkono wa kushoto, akarudi mezani kwake. Malipo yakaendelea kuja, naye akayahesabu kuwa haki yake, hata mwezi mmoja akapata nusu tu. Karatasi ya benki ilisema: makato ya malipo yaliyozidi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia dada yake, aliyekaa naye nyumba moja. "Nani mwingine alijua nimerudi kazini?"

"Mtaa mzima, kaka. Umetundika kibao."

"Mtaa haujui namba ya jalada langu."

"Hata mimi siijui," dada alijibu, akikunja nguo. "Ninayoijua ni kodi ya nyumba. Kwa nusu hiyo, mwezi ujao tutatolewa vyombo nje. Nenda ukawaulize."

Akaenda, akimtazama kila aliyekaa kwenye benchi kama mchongezi. Karani, mwanamke mpole mwenye miwani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna aliyekuchongea, mzee," akasema, akalifungua jalada. Humo mlikuwa na bahasha tatu zilizofungwa, zote zimegongwa muhuri: amekataa kupokea.

Fundi akazikumbuka. Tarishi alitaka sahihi kwanza. Yeye alitaka bahasha ifunguliwe kwanza, ajue anatilia sahihi nini. Mara tatu tarishi aliondoka nazo akicheka.

Karani alizipasua. Zote ziliuliza jambo moja: daktari anasema mkono umepata nafuu, je, umerudi kazini?

"Kwa kuwa hukujibu, ofisi ilichukulia kuwa umerudi. Ungeijibu ya kwanza, ungedaiwa mwezi mmoja. Sasa ni kumi na mmoja. Lakini makato hupunguzwa, ukijaza fomu hii ya matumizi ya nyumbani. Shahidi awe mtu unayeishi naye."

Njia nzima aliibeba ile fomu kama mtu aliyebeba kaa la moto. Akaiweka mbele ya dada yake.

"Nilikudhania vibaya. Niwie radhi."

"Lini?"

"Juzi."

"Juzi tu?"

Akainamisha kichwa. "Na ile siku pasi ya nguo ilipopotea. Na habari ya mchumba wako."

Dada alimkazia macho. "Ndiyo maana hakurudi?"

"Nilimuuliza maswali mawili matatu tu."

Dada alitia sahihi kwenye fomu, akamrudishia kalamu bila kumwangalia. Ofisi ikakubali kukata sehemu ya kumi kila mwezi. Kodi ililipwa, ila kwa majuma kadhaa dada alimwekea chakula mezani, akaenda kula chumbani kwake.