Bunduki ya Kuvunjia Visahani

Haya niliyaona kwa macho yangu, jua likiwa bado lipo, na pombe sijawahi kuionja. Usipoamini, shauri yako.

Enzi zile za ruksa, kila mtu Songea akiuza na kununua, mimi nilikuwa fundi bunduki mwenye kibali, mvi tele kichwani. Mama Skolastika wa Mshangano akaniletea shotigani ya marehemu baba yake. Mzungu mwenye shamba la tumbaku ndiye aliyemwachia marehemu. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi ya mama wa watu, na bunduki yenyewe ndefu, nzito, inanasa vichakani. Akataka niikate mitutu. Tajiri mmoja wa vito kutoka Tunduru alikuwa tayari kuichukua na kumpa bunduki nyepesi pamoja na mabati ya kuezekea, lakini mama aliogopa laana, maana kwao cha marehemu hakiuzwi. Kukikata je? Hilo hakuna aliyelikataza! Ndivyo tulivyo.

Jioni nimeshaifunga kwenye jiliwa, msumeno mkononi, akaingia kijana nisiyemjua. Nikasubiri shikamoo yangu. Kumbe na yeye anasubiri yake! Sijui nilipatwa na nini, ikanitoka yenyewe: shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Mwanangu! Mimi mwenye wajukuu! Nilitaka kumfukuza, lakini yeye keshaisogelea jiliwa.

Akaifungua ile bunduki, akaniambia nitazame vizuri. Haina pete za mkanda, kwa sababu mpigaji wake hatembei porini, anasimama pale pale. Uzito ule ni wa kupunguza teke bunduki inapolia. Midomo ya mitutu imebana ili chembe za risasi zisitawanyike mapema. Ni bunduki ya mashindano, ya kuvunjia visahani vya udongo vinavyorushwa angani, na wanaozijua wanazitafuta. Ukiikata, akasema, unabaki na bomba. Kisha akaiweka begani, bega la kushoto, na shavu lake likakaa sawasawa pale kitako kilipolika.

"Mwambie Skola auze," akasema. "Nguruwe wasile chakula cha wajukuu wangu."

Akatoka. Wajukuu wake? Nikamfuata mlangoni hapo hapo. Barabara tupu. Niliogopa, sikufichi.

Kesho yake nikamsimulia mama. Kabla sijamaliza akauliza ni bega gani. Nikamwambia la kushoto. Akakaa chini. Baba yake alikuwa mashoto, alifariki kijana, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Hata sura yake haijui. Nikadhani atalia. Wapi! Akaniomba nimweleze pua, meno, sauti, vyote.

"Kumbe jina langu bado analikumbuka," akasema, akitabasamu.

Alimuuzia yule tajiri wa vito, bunduki ikiwa nzima, akapata ile nyepesi ya kuwafukuzia nguruwe. Mwaka ule alivuna mpaka akatugawia majirani, na laana hatujaiona hadi leo. Kila akipita kwangu ananiomba nimweleze tena ile pua, nami namweleza kwa furaha.

Nawe mwenye kitu cha marehemu darini, usikishikie msumeno kabla hujajua ni nini. Mwenyewe anaweza kuja, na si wote wanaokuja kwa upole.