Kuku wa Uzi Mwekundu

Miaka kumi na mmoja Mama Kishungi aliishi na maneno mawili yamemkwama kooni kama mwiba wa samaki: mkono mchafu. Alitamkiwa mchana kweupe, mbele ya watu thelathini na kitu, na mwanamume aliyevaa koti jeupe la kuazima. Kila asubuhi akinawa, anayasikia. Ananawa mpaka viwikoni kwa sabuni ya mche, halafu anaigeuza mikono huku na huku, anaiuliza uchafu uko wapi. Mikono yenyewe, masikini, haina la kujibu.

Yule bwana alikuwa mchanjaji wa kuku. Watu walimwita Dokta, naye akaitika, na mtu akishaitika mara tatu basi jina limekuwa lake. Udokta wake ulikuwa koti, mkoba na sindano ya meno mawili. Hakuna kingine. Alipita nyumba kwa nyumba kutoka asubuhi mpaka jua linazama, akichoma kuku kwenye ile ngozi nyembamba ya bawa, chanjo ya ndui. Kichupa cha dawa alikiweka mfuko wa shati, akisema dawa ya baridi inawashtua kuku. Wanawake wakaona, jamani, mwanamume ana huruma huyu, mpaka kuku anawaonea huruma. Wengine walimletea kiti na maji ya kunywa, na waume zao ndani hawajapewa hata salamu.

Wakati huo Mama Kishungi hakuwa na jina hilo. Alikuwa mjane tu mwenye mitetea sitini na wawili, na hakuna mwanachama wa kikundi cha wafugaji aliyekuwa na banda kama lake. Limefagiwa, limepakwa chokaa, vyombo vya maji vinasuguliwa kila siku. Sifa zilimzidi, na kuna watu sifa za mwenzao zinawaumiza tumbo. Mmoja wao alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi mpaka leo.

Mwaka ule mvua ilinyesha ikasahau kuacha. Mtaro ulikuwa nyuma ya banda lake, mbu wakajaa. Kuku wakaanza kutoka vipele usoni, kwenye kope, pembeni mwa mdomo, wengine mpaka ndani ya koo, wakawa wanaitazama pumba tu wasiweze kumeza. Ilianzia kwake. Baada ya wiki mbili ikapiga hodi kwa wengine. Kikundi kikakaa, Dokta akaulizwa: hawa si uliwachanja juzi juzi hapa?

Mtu mwenye haya angesema ngoja nikaangalie. Yeye alijishika kola, akasema chanjo yake ni nzima, na ukiona imekataa, tazama mkono unaolisha. "Huyu mama ana mkono mchafu," akasema. "Msimlaumu mtu mwingine."

Wifi yake ndiye aliyenyoosha kidole wa kwanza kukubali kwamba kuku wote wachinjwe na kuchomwa moto, na mwenyewe atolewe kikundini. Wakachinjwa wagonjwa, wakachinjwa na wazima. Alikuwepo mtetea mmoja mwenye kishungi cha manyoya kichwani, aliyeugua akapona, vigaga vimeshadondoka, anadonoa kama kawaida. Mjane akapiga magoti amwombee huyo mmoja tu. Dokta akamning'iniza miguu juu, akacheka, akasema kuku ni kuku, mama, usitufanyie msiba. Akampitisha kisu.

Alilia. Kweli alilia, tena kwa sauti. Watu wakaangua kicheko, na kuanzia siku ile akaitwa Mama Kishungi. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua hata kama ni tusi. Yeye alijua. Alilivaa jina hilo kama mtu anavyovaa kisu kiunoni, akaendelea kusubiri.

Na alisubiri vizuri. Akakutana na wifi yake misibani, wakapeana vidole vya baridi. Akafuga tena, kidogo kidogo, kuku ishirini hivi, bila kikundi, bila chanjo, bila ya mtu kumkanyagia ua. Dokta naye akazeeka na sifa zake. Ndui ikija mwaka mmoja, ikikaa miaka miwili haipo, yeye akijisifu kwa ile miaka ambayo haipo, na ikija akitafuta mkono mwingine mchafu. Wamekuwa wanne, watano hivi, wanawake waliotolewa. Wote walikuwa na mabanda safi. Hakuna aliyeshangaa.

Sasa, Mama Kishungi ana kaka, na kaka ana binti anayefanya kazi maabara ya mifugo. Siku moja binti akaja na kapu, anataka mayai ya kuku waliopandwa na jogoo, yale ambayo ukiyaatamisha yanatoa kifaranga.

"Mnakwenda kuyakaanga huko?"

"Hatuyali, shangazi. Tunakuzia kirusi cha ndui."

Kidogo amtoe na ufagio. Binti akacheka, akakaa juu ya debe, akamweleza huku wakichagua mayai. Kirusi, akasema, si mdudu kama siafu. Hakili, hakipumui, hakizai. Ukikiweka peke yake kwenye chupa ni kama barua isiyo na mtu wa kuisoma. Ili kiongezeke lazima kiingie kwenye seli iliyo hai, na seli ni kile kichumba kidogo ambacho mwili wote umejengwa nacho. Ndiyo maana wanataka yai lenye uhai ndani yake.

"Kinaingiaje?"

Kinajibandika ukutani, kinapenya, kinavua koti lake. Ndani ya koti ni maagizo, yale wanayoita vinasaba, jinsi ya kutengeneza kirusi kingine kama hicho. Virusi vingi vyenye vinasaba vya DNA, kama hiki, hupenyeza maagizo yao mpaka chumba cha ndani kabisa, kiini cha seli, kwa sababu vifaa vya kunakili vinakaa humo. Huyu wa ndui ana kiburi chake. Anakuja na vifaa vya kunakili mwenyewe, anatandika kazi ukumbini, hata mlango wa chumbani hagusi. Ila mafundi ni wa mwenye nyumba, chakula ni cha mwenye nyumba, moto wa mwenye nyumba. Wale mafundi hawaulizi. Wakiletewa maagizo wanasoma na kutengeneza, wanadhani ni kazi ya nyumbani. Huku maagizo yananakiliwa, kule vipande vya makoti vinaundwa, vinavalishwa, mpaka nyumba inajaa wageni na mwenyewe hana pa kukalia. Halafu inapasuka, wote wanatoka kwenda kwa jirani. Kipele unachokiona ni nyumba zilizovunjwa.

Mama Kishungi akasema namjua mtu wa hivyo. Anakuja kwako na koti, unampa kiti, unampa maji, anaondoka nyumba imebomoka.

Binti akaendelea: chanjo nayo ni kirusi, lakini ndugu yake mpole. Ukimchoma kuku, kinaongezeka kidogo pale pale bawani, mwili unakijifunza sura, siku yule mkali akija anakuta walinzi wameamka.

Hapo shangazi mtu akaweka yai chini. "Na hiyo chanjo ikikaa mfukoni? Mfuko wa shati, kutwa, kwenye jua?"

"Inakufa. Inatembea na barafu, shangazi, na ukishaichanganya ni saa mbili tu, iliyobaki unamwaga. Ikifa haiwezi kuongezeka, na isipoongezeka mwili hausikii kitu. Umemchoma kuku maji."

"Utajuaje kama imekufa?"

"Siku ya saba mpaka ya kumi unanyanyua bawa. Ikishika, pale ulipochoma pana uvimbe au kigaga. Pakiwa peupe, haikushika. Mchanjaji yeyote anatakiwa arudi aangalie."

Miaka kumi na mmoja, na Dokta hajawahi kurudi kunyanyua bawa la kuku wa mtu. Mama Kishungi akauliza swali la mwisho polepole, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Na kuku aliyeugua akapona?

"Huyo hapati tena. Huyo ndiye wa kutunza."

Akainuka, akaenda nje. Binti akasikia maji yanamwagika. Alikuwa ananawa.

Mwezi uliofuata akatuma salamu kwa wifi yake kwamba moyo umelegea, amezeeka, hataki kufa na kinyongo. Dokta akipita na amchanjie vikuku vyake. Wifi akafurahi kama amepewa shamba. Dokta akaja mchana, koti limepigwa pasi, kichupa mfukoni.

"Leo mkono umenawa, mama?"

"Umenawa, Dokta. Karibu."

Akamletea kiti. Akamletea maji. Akamshikia kuku mmoja mmoja, kumi, na kila aliyechomwa akamfunga uzi mwekundu mguuni. Dokta akauliza wa nini. Akajibiwa, uzee huu, baba, nitasahau nani amechomwa. Jioni ileile binti wa kaka akaja na chupa ya chai iliyojaa barafu, ndani yake kichupa. Kumi waliobaki wakachomwa, wakafungwa uzi mweupe. Binti akajaribu kusema, shangazi, si ungekwenda tu ukamwambia kwa upole?

"Upole waliuchoma pamoja na kuku wangu," akasema. "Shika huyo, anatoroka."

Siku ya nane ilikuwa ya mkutano, na hakuipata kwa bahati. Alikuwa ameihesabu kurudi nyuma. Kikundi kilikuwa kinamzawadia Dokta koti jipya, lake mwenyewe sasa, lenye jina mfukoni, na kumfanya mlezi wa maisha. Mwenyekiti amelikunjua koti, anatafuta mikono, Dokta amegeuza mgongo avalishwe, mara mlangoni Mama Kishungi anaingia na matenga mawili, na binti wa kaka nyuma yake.

"Wifi, leo si siku ya kuuza kuku," mwenyekiti akasema, na wachache wakacheka.

"Siuzi, wifi. Nimekuja kumwonyesha Dokta kazi yake."

Akasema maneno machache, maana alikuwa ameyachuja miaka kumi na mmoja. Banda moja, pumba moja, maji mamoja, mkono mmoja, huu mchafu. Wa uzi mwekundu amewachanja Dokta. Wa uzi mweupe amewachanja huyu mtoto wa maabara, siku hiyohiyo. Akamwomba binti aeleze kigaga ni nini, binti akaeleza kwa ufupi. Halafu akachukua kuku wa uzi mweupe, akampitishia mwenyekiti mwenyewe. Wifi akanyanyua bawa. Kigaga hicho hapo, cha kahawia, kama mbegu ya papai. Wa pili, hivyo hivyo. Wote kumi wakazunguka mikononi mwa watu.

Nyuma kule mwanamke mmoja aliyetolewa mwaka juzi, leo amekuja na dada yake, akaanza kusema na kuku wangu je, na wangu je, kwa sauti ndogo.

Tenga la kuku wa uzi mwekundu Mama Kishungi akaliweka miguuni pa Dokta.

Dokta akasema hana muda wa mchezo. Mlangoni watu walikuwa wameshasogea wakaziba. Akaketi. Akanyanyua bawa la kwanza. Ngozi safi, laini, kama shavu la mtoto. La pili, safi. La tatu akalitazama sana, akalivuta kwenye mwanga, akalamba midomo. La nne. Wifi mwenyekiti alikuwa bado amelishika koti jipya. Akalikunja taratibu, akaliweka chini ya kiti na kuketi.

Kwenye la tano Dokta akainua uso, na kwa mara ya kwanza hakumwita mama wa mkono mchafu wala Mama Kishungi. "Dada yangu," akasema, "nilikosea. Dawa ilikufa mikononi mwangu, si mwako. Nisamehe, yaishe."

Watu wote wakamgeukia, wakingoja huruma ya mwanamke mzee. Wifi yake hata akaanza kutikisa kichwa kwamba ndiyo, kubali, wifi.

Mama Kishungi akapinda mgongo, akatoa kwenye tenga kuku wa sita. Alikuwa na kishungi. Akamweka mapajani mwa Dokta, akamtengenezea vizuri mabawa.

"Bado watano," akasema. "Nyanyua."