Gari Lililonitoa Jandoni

Fundi Bakari alipolivuta turubai, kilichonifikia kwanza ni harufu, kabla hata sijaliona gari lenyewe: ngozi kuukuu, petroli iliyokauka, mkojo wa panya, na chini ya hayo yote ule moshi mkali wa maganda ya korosho, usiotoka kwenye kitu chochote kilichokaa Newala muda wa kutosha, mimi nikiwemo. Nilisimama pale gereji kwake Masasi, mwanamume mwenye mvi na shahada ambazo hazijawahi kuwasha injini yoyote, nikajikuta nina miaka kumi na nimekasirika. Naomba mnivumilie. Hasira hiyo ni ya zamani na sijawahi kupata wa kumsimulia.

Ni gari dogo la spoti la Kiingereza, la watu wawili, rangi ya kijani kibichi. Paa lake ni kitambaa cha kukunja na magurudumu yake yana spoki kama ya baiskeli. Lililetwa Newala na daktari mmoja kijana wa kizungu, ambaye nadhani aliambiwa huku kuna lami. Tumbo la gari lile lilikuwa shubiri moja tu juu ya ardhi, na barabara zetu zilikuwa mchanga mtupu, kwa hiyo lilikwenda likichuchumaa na kurukaruka. Haikupita wiki watu wakaliita Kichura.

Daktari alipomaliza muda wake alilikabidhi kwa baba, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akimfundisha Kiswahili jioni. Alimwambia, "Mwalimu, nitunzie. Usibadilishe kitu. Nitarudi kulichukua." Sasa hivi nina hakika aliyasema hayo kama mtu anavyosema tutaonana, huku anafunga sanduku. Lakini baba alikuwa mtu ambaye hadi siku ile hakuwahi kuombwa na yeyote atunze kitu kikubwa kuliko chaki za shule. Aliyapokea maneno yale kama kiapo cha altareni.

Tangu hapo nyumbani kwetu kulikuwa na msemo mmoja: kama lilivyotoka kiwandani. Nati ikipotea, haiwekwi nyingine inayofanana; inatafutwa yenyewe mchangani, kwa chekecheo la unga, na watafutaji ni mimi na dada yangu Stela. Saa ya mbele ya usukani ilipokufa, baba alikataa kuweka nyingine, tukawa na gari ambalo kwake muda wote ilikuwa ni saa nne kasoro. Na kila jioni alijaza maji kwenye rejeta ili aone kama inavuja. Ilikuwa inavuja. Maji yenyewe mama aliyapandisha kichwani kutoka bondeni, maana Newala ya wakati ule, kama Newala ya leo, ilikuwa na kila kitu isipokuwa maji.

"Baba Stela," mama alikuwa akisema, "hicho Kichura chako kinakunywa kuliko watoto wangu."

Baba alimjibu kwamba injini ikikauka inakufa. Mama akamwuliza, na watoto je.

Kisha pampu ya mafuta ikafa. Ilikuwa kitu kidogo kilichofungwa upande wa nyuma, na gari lilipokuwa zima ulikuwa ukiisikia kabla injini haijawaka: tik, tik, tik, halafu taratibu, halafu kimya, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu. Siku moja haikugonga tena. Ilikuwa miaka ile tuliyopanga foleni ya sabuni, na baba alikuwa anatafuta pampu ya gari ambalo, kwa kadiri tulivyojua, lilikuwa peke yake kuanzia Lindi mpaka Ruvuma. Alimwagiza kila aliyesafiri. Padri akienda Dar es Salaam, anaagizwa pampu. Mwalimu mwenzake akienda kuzika Tanga, naye anaagizwa pampu. Wakirudi walileta pole.

Mwaka huohuo nilitakiwa kwenda jandoni.

Sitawaeleza yanayofanyika kule, kwa sababu nilikatazwa na bado naogopa. Nitasema tu siku ya kutoka, ambayo ni ya kila mtu. Familia za kanisa kama yetu zilifanya jando lao kwa sala, padri akibariki mwanzo na mwisho, lakini kutoka kulikuwa kulekule kwa mababu. Vibanda vya porini vinachomwa moto na hamgeuki nyuma kutazama. Mnapewa nguo mpya na majina mapya. Kisha kila mtoto anabebwa mabegani na mjomba wake, kaka wa mama, miguu isiguse mchanga kabisa mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa mama yake. Kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu. Mtoto ni wake.

Mjomba wangu aliitwa Likwena, mkulima wa korosho wa Mkunya, mfupi, mwenye mabega kama kitanda. Kama ilivyo desturi, mimi nilimwita mjomba naye akaniita mjomba. Tangu nikiwa mdogo alikuwa akinipima uzito kwa mkono mmoja na kusema, "Kula, mjomba, lakini usizidishe. Siku yako naijua."

Basi baba, mbele ya watoto wa jirani, akatangaza kwamba mimi nitatolewa jandoni kwa gari. Pampu ilikuwa njiani, alisema. Nilivimba kichwa nusura kipasuke. Mjomba alipoelezwa hakubisha. Alisema tu, "Sawa, shemeji," akainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Wiki zikapita bila pampu. Jumamosi moja mjomba alikuja kutoka Mkunya akiwa na jambo. Mimi nilikuwa nasugua spoki kwa kitambaa kikavu, mama anamenya mihogo.

"Shemeji," alisema mjomba, "kuna pikapu ya bwana mmoja imekufa kule Masasi. Pampu yake nzima, na mwenyewe kanipa. Tuifunge kwa siku hiyo moja ya mtoto. Kesho yake ung'oe."

Baba alizunguka gari, akachuchumaa, akachungulia. "Haikai mahali pake. Itabidi kutoboa tundu."

"Tundu dogo."

"Tundu ni tundu, shemeji. Mwenyewe alisema nisibadilishe kitu. Gari linarudi kwake kama lilivyotoka kiwandani."

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama baba. "Na huyu naye utamrudisha kwa mama yake kama alivyotoka kiwandani?"

Mama alicheka mpaka kisu kikamwanguka. Baba hakucheka. Tundu halikutobolewa, nami nikaenda porini nikiwa na ahadi tu.

Kule niliwatangazia wenzangu wote. Niliwaeleza mlio wa injini, nikawaonyesha jinsi upepo utakavyonipiga usoni, na nikawapangia zamu za kupanda siku zitakazofuata. Kijana mmoja aliniuliza kama Kichura kitakuja kwa kuruka au kwa kutembea. Nilimwambia atakula vumbi.

Siku ya kutoka, padri alimaliza sala, vibanda vikawashwa, nasi tukapelekwa kando ya barabara na kusimamishwa juu ya mikeka, tumepakwa mafuta tunang'aa. Ngoma zilikuwa zinakuja. Mmoja baada ya mwingine wenzangu walinyanyuliwa. Mimi nilisikiliza injini. Mjomba Likwena alisimama hatua chache kutoka kwangu na shati jeupe jipya lililonyooshwa kwa pasi ya mkaa, mikono ikining'inia kama ya mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

Kwanza niliona pua ya kijani ikitokea konani. Ilikuja polepole, bila sauti. Baba alikuwa kwenye usukani, amefunga tai, amekaa wima, macho mbele. Nyuma yake wanaume wa mtaa walikuwa wanasukuma. Alikuwa ameisubiri pampu mpaka asubuhi ileile.

"Panda," baba aliniambia, akitazama saa nne kasoro.

Nilitaka kushuka mkekani nipande mwenyewe, angalau hilo. Mjomba aliniwahi. Alinidaka kwapani, akaninyanyua juu na kunitua kitini kama anapakia gunia. Nilichukia sana. Kisha alivua shati lake, akalikunja vizuri mara kadhaa, akanipa nilishike. "Haya, mjomba," alisema. "Kaa vizuri." Akaenda nyuma.

Gari lile, nimeshasema, lilikuwa chini. Wenzangu walikuwa juu ya mabega, wanaona mapaa ya nyumba. Mimi niliona magoti. Nilipitwa na magoti ya ukoo mzima. Juu yangu kuna aliyesema, "Kichura kimechoka," na kicheko kikaenda mbele na ngoma. Wasukumaji nao walianza kupungua, mmoja anakwenda kucheza, mwingine anakumbuka pombe, na tulipofika kwenye mpando wa kuelekea kwetu, penye mchanga mzito, alibaki mjomba peke yake. Hakusukuma kwa mikono tena. Aligeuka, akaegemeza mgongo kwenye bati la nyuma na kuchimba visigino ardhini, na kila alipopiga mguu bati lilitoa mlio kama sufuria. Baba kila penye kona alitoa mkono nje kuashiria tunapinda. Hapakuwa na mtu nyuma yetu wa kuashiriwa.

Aliyetoka jandoni halii. Kwa hiyo nilitazama mbele na kuwachukia kwa zamu: daktari, pampu, baba na tai yake, na mjomba kwa kuwa na nguvu kiasi cha kutufikisha. Laiti tungekwama pale mchangani nikatelemka na kutembea. Shati lake nililifinyanga mpaka likawa kitambaa cha kufutia vyombo.

Tulipofika alinitoa tena kama gunia, akanisimamisha kizingitini kwa mama, akachukua shati lake, akalitazama, akalivaa hivyohivyo. "Nimembeba na chuma juu," aliwaambia watu, wakacheka, nikaingia ndani.

Bati la nyuma lilikuwa limeingia ndani, bonde pana kama sinia. Nilimchungulia baba dirishani. Mtu aliyewahi kunipa adhabu kwa mkwaruzo wa ukucha alisimama mbele ya bonde lile, akalipitishia kiganja, kisha akaenda kumkaribisha mjomba chakula, akamnawisha mikono mwenyewe.

Pampu ilikuja baadaye sana, nilipokwisha kuapa kutokanyaga tena gari lile. Baba aliliwasha, akaenda nalo Mkunya, likazama mchangani, likarudi kwa kamba. Daktari hakurudi. Miaka ikaenda. Kuna mnyoosha bodi mmoja alipita nyumbani nikiwa likizo kutoka shule ya Chidya, akaliona lile bonde na kutaka kulinyoosha bure, kwa kulionea gari huruma. Baba alisema, "Hapo paache palivyo." Chuoni niliwahadithia rafiki zangu kama kichekesho: mzee anayechekecha mchanga kutafuta nati ya kiwandani, lakini sinia nzima mgongoni mwa gari haioni. Walicheka. Nilikuwa mzuri sana wa kumwelezea baba.

Sasa baba na mjomba hawapo, mjomba ndiye aliyetangulia, na gari ni langu. Nimelileta Masasi kwenye lori lifufuliwe, na aibu yangu ni kwamba maneno ya kwanza kunitoka yalikuwa kama lilivyotoka kiwandani. Nimekataa viti vya plastiki. Nimekataa rangi inayokaribiana. Fundi Bakari, ambaye umri wake ni kama wa mwanangu, ameshaniuliza, "Mzee, wewe unataka gari au unataka kesi?" Na pampu, bila shaka, imekufa. Nimeagiza. Nimetumiwa ya gari lingine mara mbili. Anasema ya bajaji ingetosha, tutoboe tu tundu dogo, nami namsikia baba ananijibia kwa mdomo wangu.

Siku ile ya harufu alipita nyuma na nyundo ya mpira. "Hili bonde leo tunalinyoosha."

"Hilo liache."

"Mzee, kiwandani halikutoka na bonde."

Ni kweli, na ukweli wenyewe ulinikera zaidi. Niligeuka tu, nikaegemeza mgongo wangu pale. Haukujaza hata nusu. Bonde lilikuwa chini mno kwangu, la mtu mfupi, na pana, la mtu wa magunia, na pembeni kulikuwa na vibonde viwili vidogo ambavyo nilikuwa sijawahi kuvitazama, mahali alipokita viwiko. Nikiwa nimeinama vile, miguu nimeitanua nipate kufika, ndipo nilipokumbuka: mkekani, kitini, kizingitini. Miguu yangu haikugusa mchanga. Mjomba angeweza kunibeba peke yangu na kumwacha baba barabarani na tai yake, watu wakaongea mpaka leo. Alitubeba wote. Baba alikuwa anajua tangu alipopitisha kiganja, na kwa mtu wa namna yake, aliyekuwa hajui kusema samahani, kuacha bati bila kunyooshwa kulikuwa ni kusema mengi sana.

Wingu lilikuwa limejikusanya upande wa milimani, na gari lilikuwa nje.

"Kwa hiyo tunafanyaje?" Fundi Bakari aliuliza, nyundo bado mkononi. "Mvua hiyo, na pampu hatuna."

Nilimwambia aingie ashike usukani. Kisha nikavua shati, nikalikunja, nikampa alishike.