Safari Isiyo na Mwenyeji

Nafundisha jiografia katika shule moja ya sekondari Katesh. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya ncha za dunia, huwa nawaeleza wanafunzi juu ya mianga ya kaskazini, ile mishipi ya nuru inayocheza angani kule Aktiki wakati wa majira ya baridi. Niliieleza miaka mingi bila kufikiri kwamba ni kitu ambacho mtu kama mimi anaweza kwenda kukitazama. Kwangu ilikuwa mada tu, inafundishwa, inatoka kwenye mtihani, basi.

Wazo la kwenda lilinijia baada ya maporomoko ya tope. Nilikuwa nimepanga nyumba Jorodom, chini ya mlima, na mlima ulipomomoka, tope lilipita ng'ambo ya barabara yetu. Nyumba yangu ilipata ufa mmoja tu. Majirani waliopona walihama, wengine kwa ndugu zao, wengine kwenye makazi mapya. Mama mwenye nyumba akaniomba niendelee kukaa, maana nyumba ikiachwa huharibika upesi. Nikakaa.

Sina mume wala mtoto. Zamani jambo hilo halikunisumbua sana, kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wakiingia kwangu kama kwao, wakifunua masufuria bila kuuliza. Sasa nilikuwa narudi kutoka shuleni nakuta barabara nzima kimya. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikala nimesimama jikoni, kisha nikafungua simu na kutazama video za anga la kaskazini. Siku moja nikajiuliza, akiba yangu yote naiwekea nini? Nikaanza kupanga safari ya likizo ya Desemba.

Kaka yangu anaishi Dongobesh, kwenye shamba la marehemu baba. Nilikwenda kumwambia yeye kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Baada ya shikamoo na habari za ng'ombe, nikamweleza. Aliuliza kama huko nina mwenyeji. Nikasema sina. Akauliza kama nimetumwa na shule, au na kanisa.

"Hapana, kaka. Naenda mwenyewe. Naenda kutazama tu."

Alimgeukia mkewe kana kwamba yeye ndiye angeweza kumfafanulia maneno yale. Wifi yangu aliniangalia kwa huruma, na tulipobaki wawili jikoni akaniuliza taratibu kama hospitali wameniambia nina ugonjwa wowote. Nilimwambia mimi ni mzima. Sidhani kama aliamini, maana aliniongezea nyama kwenye sahani.

Nguo nilizitafuta mnadani, kwenye mitumba. Nilipata koti zito lenye manyoya kwenye kofia, nikalijaribu palepale juani, jasho likinitiririka. Mfugaji mmoja aliyekuja kuuza mbuzi alisimama akanitazama, shuka lake begani. Akaniuliza ni baridi ya wapi hiyo. Nikamweleza kwamba kuna nchi ambako majira ya baridi jua halichomozi kabisa, na theluji inafunika kila kitu.

"Na ng'ombe wanakula nini?" akauliza.

Nikamwambia kule wanafuga mnyama mwingine, anayefukua theluji kwa kwato kutafuta chakula. Alitikisa kichwa na kunitakia safari njema. Kati ya watu wote niliowaeleza mipango yangu, ni yeye tu aliyeniuliza habari za huko. Wengine waliuliza habari zangu.

Mwaka ule sikwenda. Jibu la viza lilikuja kwa barua pepe wakati wa mapumziko ya chai, wenzangu wakicheka meza ya pili. Waliandika kwa heshima kwamba hawakuridhika kuwa ningerudi Tanzania, kwa kuwa sina mume, sina watoto na sina mali isiyohamishika. Nilisoma mara mbili. Halikuwamo neno la uongo. Kengele ilipolia nikaingia darasani nikafundisha mvua za milimani, na sauti yangu naisikia kama ya mtu mwingine.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Dongobesh. Nilitegemea kaka afurahi kwamba mambo yale yamekwisha. Alikuwa anakagua vitunguu saumu vilivyoanikwa, akaniashiria niketi.

"Wamesema sina cha kunirudisha," nikamwambia.

Aliendelea kugeuza vitunguu.

"Wamesema huna kwenu?"

"Hawakuandika hivyo."

"Ndivyo walivyosema."

Akainuka kwenda kuwatazama ng'ombe. Lakini wiki iliyofuata alinipigia simu nije na kitambulisho changu, tukaenda pamoja ofisi ya kijiji. Kumbe alikuwa amekwisha kuzungumza na wazee wa ukoo. Sehemu ya chini ya shamba la baba, ile inayoelekea kijitoni, alitaka iandikwe jina langu kwa hati ya kimila. Kwetu binti hagawiwi ardhi ya baba. Hakuna aliyewahi kuninyima, ila haikuwahi hata kuzungumzwa. Binamu zetu wawili walinung'unika pale nje, naye akawajibu mara moja tu: "Huyu ni mtoto wa mzee kama mimi."

Tukirudi nyumbani nilitafuta maneno ya kumshukuru, lakini yeye alikuwa anaongea habari za mbolea. Nikamwomba tusafiri wote. Alicheka kidogo, akauliza nani angebaki na ng'ombe.

Hati ilichukua muda kutoka. Niliomba viza tena mwaka uliofuata, nikapata, na Desemba nikaondoka peke yangu. Wageni tulikuwa basi zima, wengi wao mtu na mwenzake. Jioni za kwanza mawingu yalifunika anga, tukarudi hotelini bila kuona kitu. Kisha jioni moja, baridi ikiwa kali hata kope zangu zinashikana, mianga ikaja. Ilianza kama moshi wa mbali, ikapanda, ikajikunjua, ikawa inatembea juu ya vichwa vyetu bila sauti yoyote. Kila mtu alimgeukia mwenzake na kumsemesha kwa lugha yao. Mimi nilisema "Jamani!" kwa sauti, na hakuna aliyegeuka. Mtu mmoja wa pale alinionyesha kwa mkono nimpe simu yangu. Nikampa, nikasimama.

Shule ilipofunguliwa, picha ile ilipita mikononi mwa walimu wote. Mmoja aliikuza kwa vidole, akatazama koti langu, theluji, anga. Halafu akaniuliza ni nani aliyenipiga picha.

"Simjui," nikamjibu. "Ni mtu tu wa huko."

Akanirudishia simu, akasema nimetoka vizuri.